Karakana ya Uani: Bampa, Breketi na Amana ya Fundi

 

Ndugu wasomaji, ukitoka Mwanza ukashika njia ya Musoma, ukaipita Magu huku Ghuba ya Speke iko mkono wako wa kushoto, utafika Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Mbele yetu kidogo ni Lamadi, iliko njia panda ya kwendea Bariadi, na mbele zaidi ni lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Basi njia hii moja hupita mabasi, malori, pikapu za samaki, magari ya watalii, Probox zilizojaa watu hata milango haifungiki, na kati yao wote hupita ng'ombe wa Wasukuma, ambao hawajui honi wala taa. Kwa hiyo si ajabu kwamba kitu kinachovunjika kwetu kila siku ni bampa.

Katika ua wa nyumba moja mjini kwetu, chini ya mwembe, yuko kijana aliyesoma Kurani kwangu tangu alifu hata akahitimu. Leo yeye ni fundi wa bampa. Hana jengo. Ana jiliwa iliyofungwa juu ya gogo, ana grenda, keekee ya umeme, nyundo mbili za chuma na moja ya mpira, mashine ya kuchomelea, na vyuma viwili virefu vya pembe ambavyo huvibana pamoja kwa bolti ili akunjie shiti katikati yake. Wapo watu waziitao karakana kama hizi gereji bubu, kwa sababu hazina kibao mlangoni. Mimi sipendi jina hilo, maana ile ya kijana wangu haijanyamaza siku hata moja ila wakati wa adhana.

Nimeona niandike juu ya kazi hii kwa sababu vijana wengi wa Kiislamu wanaingia katika ufundi, na wazazi wao hudhani kwamba mambo ya dini yameishia msikitini, na kwamba kukunja bati ni dunia tupu. Lau wangelisoma Sura ya Saba' kwa kuizingatia, wasingelisema hivyo. Humo twaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi (a.s.) chuma, akamwamrisha atengeneze deraya, na apime vyema katika kuziunganisha pete zake. Tazama, ndugu yangu: amri ya kupima vipimo vya kazi ya chuma imo ndani ya Kitabu, na mara baada yake imekuja amri ya kutenda mema. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.), alipofasiri maneno hayo alisema kwamba msumari usiwe mwembamba ukachezacheza ndani ya pete, wala usiwe mnene ukaipasua. Nilipomsomea fundi wetu tafsiri hiyo aliacha kazi, akatwaa bolti na breketi iliyokuwa mezani, akaijaribu bolti katika tundu lake. Ilikuwa inacheza. Alicheka peke yake, kisha akaitupa ile breketi katika pipa la chakavu.

Sasa niwaeleze yaliyonifanya nijue mambo ya breketi, mimi ambaye elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na shule ya msingi.

Mzee mmoja mfanya biashara wa dagaa alimwendea fundi huyu, akataka bampa ya mbele ya pikapu yake itengenezwe kwa alumini, pamoja na breketi zake mbili za kuishikilia. Alitoa nusu ya fedha. Aliambiwa aje Ijumaa. Alikuja Ijumaa tatu, na kila Ijumaa alikuta ua umejaa kazi za watu wengine, na jibu ni lile lile la mafundi wote, njoo kesho. Mwishowe bampa ikafungwa, nayo ilikuwa nzuri, inang'aa. Haikutimia miezi miwili, breketi ya kushoto ikakatika karibu na Lamadi, bampa ikaning'inia na kuburura lami mpaka dereva akasimama. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Jioni ile wote wawili walikuja barazani kwangu.

"Ustadhi," akasema yule mzee, "mwanao ameniuzia karatasi."

"Shikamoo mzee, si karatasi," akajibu kijana, "ni njia ndiyo mbovu."

Mimi si fundi, nami sikutaka kuhukumu kwa kelele. Nikamwomba kijana alete ile breketi iliyokatika. Tukaiweka juu ya mkeka. Hata mtu asiyejua kitu angeona: ufa ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula, nao ulifuata sawasawa mstari ambao fundi mwenyewe aliuchora kwa ncha ya chuma ili ajue pa kukunjia. Kijana akanyamaza. Baada ya kitambo akatueleza kisa chote, nami nayaandika hapa aliyotufunza, kwani wengine wafanyao kazi hii majumbani huenda hawajapata wa kuwaambia.

Alumini ni madini mageni katika mikono ya wanadamu. Chuma tumekijua zamani. Kusini mwa ziwa letu Warongo walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa mpaka Usukumani, na jembe lilikuwa mahari. Ng'ambo ya magharibi ya ziwa, kwa Wahaya, tanuri za kale zimechimbuliwa, na mwaka 1978 wataalamu wawili Wamarekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliuandikia ulimwengu kwamba watu wale walikuwa wakifanya chuma kigumu kwa ustadi mkubwa tangu miaka zaidi ya 1500 iliyopita. Lakini alumini, ingawa imejaa katika udongo, haikutoka kwa wingi mpaka mwaka 1886, vijana wawili walipogundua, kila mmoja pasipo kujua habari za mwenzake, namna ya kuitenga kwa nguvu za umeme. Mmoja alikuwa Marekani, Charles Martin Hall, na mwingine Ufaransa, Paul Héroult. Walizaliwa mwaka mmoja, 1863, na wakafa mwaka mmoja, 1914. Subhanallah.

Wazee wetu waliifahamu alumini kwa sufuria, na tena kwa Land Rover, ambayo ilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 ilivikwa mwili wa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Sifa yake ya kwanza ni wepesi. Kipande cha ukubwa wa lita moja ya maji kina uzito wa kilo 2.7, ilhali chuma cha ukubwa ule ule kina uzito wa kilo 7.8 na zaidi. Sifa ya pili ni kwamba haili kutu nyekundu, na jambo hili si dogo kwa watu wa kando ya ziwa wanaopakia samaki wabichi.

Lakini ina tabia zake, na fundi asiyezijua huadhirika. Ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, na kwa kadiri hiyo hiyo hupinda upesi kuliko chuma, hivyo shiti yake yapasa iwe nene zaidi. Ile iliyo ngumu haitaki kukunjwa kwa kona kali. Kijana wetu sasa huikunja juu ya bomba ili ndani ya kona pawe na mviringo usiopungua mara tatu ya unene wa shiti, na mstari wa kukunjia huuchora kwa kalamu ya wino wala hauchori tena kwa chuma, kwa sababu kila mchoro wa chuma ni mwanzo wa ufa. Na shiti ikikataa kabisa, huilainisha kwa moto. Hapo pana hatari, kwa kuwa alumini haibadiliki rangi kama chuma. Chuma hukuonya kwa wekundu. Alumini hukaa kimya na weupe wake mpaka inafika nyuzi 660 za Selsiasi, ikamwagika miguuni pako. Dawa yake ni kipande cha sabuni ya kufulia: fundi huipaka sabuni juu ya shiti, akaipasha moto polepole kutoka upande wa pili, na mara sabuni igeukapo nyeusi huondoa moto. Shiti imekwisha lainika. Nilipoona jambo hili kwa macho yangu nilidhani ni mchezo, lakini shiti ile ile iliyogoma ilikunjika kama ngozi.

Katika kuichomelea pana tabu nyingine. Juu ya alumini kuna utando mwembamba usioonekana, nao hauyeyuki mpaka moto upite nyuzi 2000, ilhali madini yaliyo chini yake yameyeyuka zamani. Mashine ya kawaida ya uani haiwezi kazi hiyo vyema. Hutakiwa mashine ya namna yake, yenye gesi ya argoni, na hata ukiipata, sehemu iliyo kando ya mchomeleo hupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake. Kwa hiyo kijana wetu huunganisha bampa zake kwa ribiti na bolti. Wateja wengine humcheka, wakasema ribiti ni za ndoo. Naona wamesahau kwamba ndege wanazozitazama angani zimeshonwa kwa ribiti.

Na lililo kubwa kuliko yote ni hili. Chuma kikitikiswa kwa nguvu ndogo, chini ya kiasi chake, huweza kuvumilia miaka na miaka. Alumini haina kiasi hicho. Kila mtikiso, hata mdogo, huuhesabu, na siku hesabu ikitimia hukatika. Breketi ndiyo inayobeba mitikiso yote ya gari katika njia ya vumbi. Basi fundi wetu ameazimia kwamba bampa iwe ya alumini kwa wepesi wake, na breketi ziwe za chuma, na kati ya hizo mbili huweka kipande cha mpira kilichokatwa katika tyubu ya zamani, kwa sababu alumini na chuma vikigusana penye unyevu alumini huliwa.

Turudi barazani. Mzee alitaka fedha zake zote, na kijana alitaka alipwe ile nusu iliyobaki. Niliwaambia wote wawili kwamba kosa limeanza kabla ya ufa, limeanza siku ya kuagana. Kumwagiza fundi akutengenezee kitu kisichokuwapo ni mlango maalumu katika sheria yetu. Wanazuoni wa Kihanafi wameujuzisha na kuuita istisnaa. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafii hatukuupokea ila utimize masharti ya salamu, na katika masharti hayo ni fedha yote kulipwa pale pale. Lakini jambo hili limewaelemea watu, na mwaka 1992 baraza la wanazuoni wa fikihi wa nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah liliamua kwamba mapatano ya istisnaa yanawafunga wote wawili, na malipo yanaweza kucheleweshwa au kutolewa kwa mafungu, mradi kitu kielezwe jinsi yake, namna yake na kadiri yake, na muda uwekwe. Nikawauliza: mlieleza unene wa shiti? La. Mliandika siku? La. Mlisema breketi ni za madini gani? Mzee akasema, "Mimi nilisema zing'ae tu." Hapo sote tulicheka, hata yeye mwenyewe.

Lakini kicheko hakimtoi fundi katika dhima. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba haifai kudhuru wala kulipiza madhara kwa madhara. Hata kwa kauli ya wale wanazuoni wetu wasiomdhamini fundi ila kwa kosa lake, kosa hapa lilikuwa juu ya mkeka, limenyooka kama rula. Hatukuwa na haja ya kubishana zaidi. Kijana akakubali kutengeneza breketi mpya mbili za chuma kwa gharama yake. Mzee naye nikamkumbusha habari za Khabbab bin al-Aratt (r.a.), sahaba aliyekuwa mhunzi Makka, aliyemdai al-As bin Wail ujira wa kazi yake, na yule tajiri akamwambia hatamlipa mpaka amkanushe Muhammad. Khabbab akakataa, na aya za Sura ya Maryamu zikateremka kwa ajili ya jambo lile. Mzee wetu si al-As, hasha, ni mtu mwema. Alilipa nusu iliyobaki siku breketi zilipofungwa, hakungoja kesho.

Lipo jambo jingine ambalo vijana hulipenda na mimi nalichukia, nalo ni zile ngao za mabomba mazito wanazotaka zifungwe mbele ya gari. Husema ni kwa ajili ya ng'ombe. Watu huzidharau bampa za kiwandani kwa kuwa ni plastiki, wala hawajui kwamba ulaini ule umekusudiwa. Mhandisi Béla Barényi wa kampuni ya Mercedes-Benz ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1950 kwamba mwili wa gari upande wa mbele yafaa ukunjike katika ajali, ili nguvu ya kishindo iishie katika mabati isimfikie mtu aliyeketi ndani. Ukiweka mbele yake ngao isiyokunjika, umeirudisha nguvu ile kwa abiria. Na mtoto anayevuka njia akigongwa na plastiki yenye sponji nyuma yake, si sawa na kugongwa na bomba. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa sheria ya ngao hizi mwaka 2005 kwa ajili ya waendao kwa miguu. Sisi tuna watoto wangapi wanaovuka njia ya Musoma asubuhi wakienda shule na jioni wakija chuoni? Fundi wetu amekosa wateja kadhaa kwa kukataa kazi hiyo, na mimi ni mmoja katika waliomshauri akatae. Kwa hiyo hasara yake nami nina fungu ndani yake, na nalijua hilo kila nipitapo pale uani.

Kwa akina mama nina neno, maana karakana iliyo uani ni sehemu ya nyumba yao. Katika Sahihi ya Imamu Muslim twasoma kwamba Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), alikuwa akilelewa katika nyumba ya mhunzi aitwaye Abu Sayf. Mtume alipokwenda kumtazama mwanawe, Anas (r.a.) alitangulia mbio, akamkuta Abu Sayf anavuta mvukuto na nyumba imejaa moshi, akamwambia asimame, Mtume amefika. Akaacha. Basi wahunzi waliofanya kazi nyumbani wamekuwako tangu zamani, na moshi umekuwako.

Moshi wa siku hizi ni mbaya zaidi. Bomba lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe, na usiku mchomeleaji hushikwa na baridi na homa hata mkewe akadhani ni malaria. Wengi hunywa maziwa wakidhani ndiyo kinga. Maziwa ni neema, lakini huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Zinki iondolewe kwanza kwa tupa, na kazi ifanywe penye upepo. Watoto wasiutazame ule mwanga hata kwa mbali. Atakayeutazama ataamka usiku akilia kwamba ana mchanga machoni. Na jiwe la grenda la kusagia chuma lisitumiwe kwa alumini: huziba, hupata moto, na huweza kupasuka.

Nimalizie kwa habari ya mahali inapotoka alumini yenyewe. Shiti mpya ni ghali, na fundi hununua chakavu kwa kilo. Mwezi uliopita mvulana wa kama miaka kumi na miwili aliingia uani na shiti nzuri, nene, iliyonyooka, yenye pembe tatu. Upande mmoja ulikuwa wa kijivu, na upande wa pili ulikuwa umesuguliwa kwa mchanga. Fundi aliigeuza kwenye jua, na pembeni kukabaki ukingo mwekundu unaorudisha mwanga. Kilikuwa kibao cha barabarani cha kuonya kwamba mbele wanavuka watoto. Wizi wa vibao hivi umekuwa msiba wa barabara nyingi nchini, na mwisho wa vingi huwa ni tanuri za sufuria.

Breketi ngapi zingetoka humo! Fundi hakumpigia mtoto kelele. Alimwambia aketi, akampa maji, akamwita baba yake, akaniita na mimi. Baba aliona haya sana, akataka kumpiga, nikamzuia, nikamuuliza mtoto alitaka fedha za nini. Akasema daftari na viatu. Tukaenda sote wanne kwa mtendaji wa kata, tukaeleza, na shiti ikapokewa. Viatu nimevinunua mimi, na daftari kanunua fundi.

Baada ya wiki mbili kibao kilirudishwa kwenye nguzo yake, kikiwa kimepakwa rangi upya. Fundi alikwenda kukifunga mwenyewe bila ujira, na yule mvulana alimshikia ngazi. Hakutumia nati. Alitumia ribiti, kwa sababu ribiti haifunguki kwa spana.